Gari Ikikataa Kuwaka, Lipa Mtu Afikirie Kwanza

Wasee, leo nakuja na maoni ambayo najua yataudhi watu wa pande mbili: wenye magari na mafundi. Ni sawa tu. Nisikizeni kwanza, mawe mtanirushia baadaye.

Maoni yangu ni haya. Sisi huku Kenya tunapenda kulia ati mafundi ni wezi. Wengine ni wezi, sikatai. Lakini kuna jambo lingine hatulisemi: sisi wateja hatutaki kulipia kupimwa kwa gari. Betri tutalipia. Staata tutalipia. Plagi nne mpya tutalipia bila kuuliza. Lakini fundi akisema, "Nipe kitu kidogo niangalie shida iko wapi," tunamtolea macho. "Kwani kuangalia tu pia unalipisha?"

Wewe umeshawahi kusema hivyo. Mimi pia nimesema. Na tabia hiyo imekula zaidi ya elfu 17 kwa familia yetu, na karibu itule gari yenyewe.

Wacha niwape stori.

Brathe wangu mkubwa anabeba abiria, wale wa kuitisha gari kwa simu. Gari ni ya mkopo, na kila Jumatatu lazima atume 9,500. Ukichelewa wiki moja, unapigiwa simu. Ukichelewa ya pili, simu zinaisha, watu wanakuja. Na kwa vile kuna traka ndani ya gari, hakuna kujificha. Wanajua umeegesha wapi kukuliko wewe mwenyewe.

Jumatano moja saa kumi na moja alfajiri anatoka kwa ploti, Kasarani, aende kuchukua abiria wa eapoti. Anazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zinawaka vizuri, redio inaongea. Halafu anasikia "tak." Moja tu. Kisha kimya. Anarudia: "tak." Abiria akatafuta gari nyingine, na brathe akanipigia mimi.

Sasa kwa nini anipigie mimi? Kwa sababu miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimeposti video, "Ishara 5 za Staata Iliyokufa". Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kutengeneza. Ishara ya pili ilikuwa hiyo hiyo: ukisikia "tak" moja, staata imeenda. Niliisema na sura ya mtu anayejua. Ukweli usemwe leo: sikuwa nimewahi kushika staata maishani mwangu. Nilisoma mahali, nikaongeza muziki, nikaposti.

Fundi wa kwanza alikuwa jirani. Akasikiliza "tak" moja, akasema betri. Hakupima. Betri mpya, 7,500. Gari ikasema "tak."

Hapo ndio nikaingia mimi kifua mbele. "Brathe, nilikwambia, hiyo ni staata. Angalia video yangu." Tukaenda Grogan, tukapata staata ya mtumba kwa 6,500, fundi akaifunga kwa 1,500. Gari ikawaka! Nilicheza hapo kando ya barabara kama mtu ameshinda beti. Ikawaka tena jioni. Kesho yake asubuhi: "tak."

Fundi wa tatu akaja na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Kusoma ni 2,000. Akakunja uso, akasema kompyuta imeungua, akatuitisha 28,000.

Kufikia hapo Jumatatu ilikuwa imefika. Brathe hakuwa amefanya kazi siku tano. Mathe akachukua pesa zake za chama, zile alizokuwa ameziweka za fizi ya sista yetu mdogo, akalipa ile 9,500. Hakusema kitu. Ile kunyamaza kwake ilikuwa mbaya kuliko matusi. Na ile 28,000 ilikuwa bado inatungoja, na wiki nyingine ilikuwa inakuja.

Aliyetuokoa ni mama mmoja fundi wa waya, ana kibanda upande wa Githurai. Tulielekezwa kwake na dereva mwenzake brathe. Kwa simu alisema hivi: "Kuja kuangalia ni 1,000. Nikipata shida ni 1,000, nisipopata ni 1,000."

Brathe, na hapo mfuko umetoboka kabisa, bado akasema: "Lakini mama, kwani kuangalia tu..."

"Basi endelea kubadilisha, kijana wangu," akajibu.

Brathe akameza mate, akakubali.

Alikuja na begi ndogo. Ndani kulikuwa na multimita, kebo za kushtulia betri, na spana chache. Kabla hajafungua boneti aliuliza maswali. Ilianza lini? Kabla ya hapo ilikuwa inawaka kwa uzito? Nani aliishika mwisho, na alifungua nini? Mafundi watatu walikuwa wamepita, na hakuna aliyekuwa ameuliza hata moja kati ya hayo.

Halafu akapima betri: 12.6. Betri nzima. Akamwambia brathe azungushe ufunguo huku yeye anatazama namba. Ikashuka kidogo tu, ikabaki 12 na kitu. Akasema, "Unaona? Staata inakula umeme mwingi sana. Kama ingekuwa inaupata, hii namba ingeanguka. Betri haijaombwa kitu hapa."

Kisha akaweka ncha moja ya multimita kwa hasi ya betri na nyingine kwa chuma cha injini. "Zungusha tena." Hapo kati ya hivyo vitu viwili inafaa uone karibu sifuri, kwa sababu vinatakiwa kuwa vimeunganishwa na waya mnene. Namba iliruka hadi 9 na kitu. Yaani umeme ulikuwa unatoka kwa betri vizuri, lakini njia ya kurudi imefungwa.

Akachukua kebo nyeusi ya kushtulia, akaunganisha hasi ya betri moja kwa moja na injini. Gari ikawaka mara moja.

Shida ilikuwa waya wa athi, ule mshipi wa nyuzi unaounganisha injini na bodi ya gari. Ulikuwa umeoza, kijani kibichi, umebaki na nyuzi chache zinaning'inia. Taa na redio zinakula umeme kidogo na zina njia yao, kwa hivyo ziliendelea kama kawaida. Staata inataka umeme mwingi kwa mpigo, hizo nyuzi chache hazingeweza kuubeba. Na ndio maana gari iliwaka mara mbili baada ya kubadilisha staata: fundi alipokuwa anapapasa huko chini alisukuma ule waya ukagusa vizuri kidogo. Mimi nikadhani ni akili yangu.

Waya mpya ulikuwa 400. Jumla ya kila kitu, 1,400. Hesabu ile nyingine ni hii: 7,500 jumlisha 6,500 jumlisha 1,500 jumlisha 2,000, ni 17,500. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kimeharibika. Na ile staata yetu ya kwanza, ambayo ilikuwa nzima kabisa, tuliiacha kwa fundi. Somo dogo hapo: kitu kikitolewa kwa gari yako, itisha uende nacho nyumbani.

Sasa nirudi kwa maoni yangu.

Ukitafakari vizuri, wale mafundi wa kwanza walifanya kile tunachowalipa wafanye. Fundi akikaa saa nzima akifuata waya, akapata nati imelegea, akaikaza, utampa ngapi? Utamwambia, "Si umekaza tu nati?" Utamwachia 100 ya soda. Lakini akibadilisha staata, atapata pesa ya kufunga, na pengine kitu kidogo kutoka kwa mwenye duka. Tumeunda soko ambalo kubahatisha kunalipa na kufikiria hakulipi, halafu tunashangaa kila mtu anabahatisha. Na bahati hiyo inachezwa na pesa zako.

Hospitalini unalipa kumwona daktari kabla hujajua utapewa dawa gani. Hakuna mtu anamwambia daktari, "Kwani kuniangalia tu?" Lakini fundi wa waya aliyejifunza kwa miaka mingi tunataka macho yake bure.

Najua mtasema: kuna mafundi utawalipa wapime, na bado watabahatisha. Kweli kabisa. Yule wa mashine tulimlipa 2,000. Kusoma kompyuta siyo kupima. Mashine inakuonyesha kile kompyuta imelalamikia, haikuonyeshi waya uliooza mahali kompyuta haioni. Ndio maana wewe mwenyewe unahitaji kujua kiasi cha kutosha kuuliza swali. Si lazima uwe fundi. Ni kusikiliza tu.

Swali la kwanza: ukizungusha ufunguo, injini inazunguka ama haizunguki? Namaanisha ile sauti ya ngu-ngu-ngu. Usimwambie fundi "gari imekataa." Mwambie inazunguka ama haizunguki. Hapo umepunguza kazi nusu.

Kama haizunguki, sikiliza na utazame taa:

Hakuna taa, hakuna sauti: betri imeisha kabisa, ama terminali imetoka au kulegea. Zitikise kwa mkono. Terminali ya betri haifai kucheza.

Tak-tak-tak-tak ya haraka: mara nyingi betri haina nguvu, ama terminali zimeshika ule unga mweupe au wa kijani. Washa taa kubwa za mbele halafu ujaribu kuwasha gari. Zikififia karibu kuzima, umeme hautoshi.

Tak moja nzito: inaweza kuwa staata. Inaweza pia kuwa waya, kama yetu. Hapo usikubali kununua chochote kabla mtu hajapima.

Taa ziko sawa lakini hata tak hakuna: kama ni otomatiki, hakikisha gia iko P, halafu jaribu N. Kuna swichi inayozuia gari kuwaka ikiwa kwa gia, na ikichoka inakusumbua. Kwa manyuo nyingi lazima klachi ikanyagwe mpaka chini. Kama bado, tafuta fyuzi na rilei ya staata.

Kama inazunguka vizuri lakini haiwaki, achana na betri na staata. Hizo zimeshafanya kazi yao, na fundi akizitaja muulize kwa nini. Sasa unatafuta mafuta ama cheche. Weka ufunguo ON bila kuwasha, zima redio, sikiliza upande wa tanki. Gari nyingi za petroli utasikia pampu ikivuma kama sekunde mbili. Na usicheke, lakini angalia kama kuna mafuta. Geji hudanganya. Kama kuna taa ya picha ya ufunguo au gari inayopepesa kwa dashibodi, huenda gari haitambui ufunguo wako. Jaribu ule wa pili. Na kama injini inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina mzigo, wacha kuzungusha. Huenda mkanda wa taimingi umekatika, na kila ukijaribu unaweza kuongeza hasara.

Na hii naomba muishike: kama gari ilizimika ndani ya maji, usiiwashe tena. Tuliona mafuriko ya Nairobi 2024, watu wanatoka kwa maji halafu wanazungusha ufunguo mara kumi. Hewa ndani ya silinda inabanika, maji hayabaniki. Injini ikijaribu kuyabana, kinachopinda ni chuma. Ivutwe tu. Brekidauni ni rahisi kuliko injini.

Multimita ya kawaida si bei ya kutisha, na inakufanya uache kubishana kwa hisia. Gari ikiwa imelala usiku kucha, betri nzima inasoma kama 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu hivi. Chini ya 12 ni kama haina kitu. Wakati wa kuzungusha injini, ikianguka chini ya 9.6, betri imechoka au haina chaji. Gari ikishawaka inafaa isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Ikibaki 12 na kitu, alteneta haichaji, na hata ununue betri tatu, zote zitakufa.

Terminali chafu husafishwa na maji moto na soda ya kuokea, pamoja na brashi. Toa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Hiyo kazi ni ya dakika 15.

Na kushtua betri kuna mpangilio wake. Kebo nyekundu: chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya ile nzima. Nyeusi: hasi ya betri nzima, kisha ncha ya mwisho ishike chuma tupu cha injini ya gari iliyokufa, mbali na betri. Betri inaweza kutoa gesi inayoshika moto, kwa hivyo ile cheche ya mwisho hutaki itokee juu yake. Na sigara weka mbali.

Kama betri yako inakufa kila ukiegesha siku chache, usikimbilie nyingine. Huenda kuna kitu kinakunywa umeme usiku. Wengi wetu tuna traka na alamu zilizofungwa haraka haraka. Fanya hesabu: kitu kikivuta nusu ampea tu bila kukoma, betri ndogo ya ampea-saa 35 inaisha kwa siku tatu. Fundi wa waya anaweza kupima hicho kitu. Duka la betri halina sababu ya kukipima.

Kumbukeni pia gari zetu nyingi ni za mtumba. Sheria inaruhusu gari hadi miaka minane, kwa hivyo nyingi zinashuka meli zikiwa na saba hivi. Kwako ni mpya, uliipiga picha, ukaombewa. Waya zake zinajua umri wao. Kabla ya kudhani kitu kikubwa kimeungua, dhani kitu kidogo kimeoza.

Sasa, upande wangu. Ile video nimeitoa. Nilipata ujumbe wa watu wawili waliobadilisha staata baada ya kuitazama, na sijui kama walihitaji. Hicho kitu kinanikalia vibaya. Sisi wa kutengeneza kontenti tuna ugonjwa ule ule wa yule fundi wa kwanza: tunalipwa kwa jibu la haraka. "Ishara 5 staata imekufa" inatazamwa. "Inategemea, pima kwanza" haitazamwi na mtu. Na mimi nilichagua watazamaji.

Ile 6,500 ya staata nimekuwa nikimrudishia brathe kidogo kidogo. Imebaki 2,000. Yeye hakuniitisha, lakini fizi ya sista ilichelewa wiki mbili, na nilimwona akirudi nyumbani na barua ya shule akinikwepa macho. Hiyo deni nalipa.

Kwa hivyo siku gari yako ikikataa, usiulize fundi "ni ngapi?" kwanza. Muulize, "Kupima ni ngapi?" Kubaliana naye bei kabla aanze, na uilipe hata kama shida ni nati. Halafu akisema kitu kimekufa, muulize umepima nini, na nionyeshe. Fundi wa kweli hatakasirika. Yule mama alimwita brathe akaona namba kwa macho yake, akamfundisha mahali pa kuweka zile ncha mbili.

Brathe sasa ana multimita kwenye dashibodi. Wiki iliyopita dereva mwenzake alikwama kwa steji, gari inasema tak, na watu watano tayari wamesema staata. Brathe akapima, akapata terminali imelegea, akaikaza na spana namba 10. Jamaa akamuuliza ni ngapi.

Akamwambia mia 3. Jamaa akaanza, "Kwani kuangalia tu..." halafu akatazama gari yake inavuma pale, akatoa simu akatuma.